Jibu kwa Zita wa Chala

Cornelia alijifunza kupiga chapa huku mikono yake imefunikwa kitambaa. Sista aliyemfundisha pale misheni, karibu na kwao Mwazye, hakutaka aziangalie herufi. "Macho yabaki kwenye karatasi," alimwambia kila siku. "Vidole vitajua njia." Cornelia alikuwa msichana aliyeishia darasa la saba, binti wa wakulima wa mahindi na ulezi, na kwa miaka miwili alikwenda misheni kila baada ya kazi ya shamba, mpaka akaweza kupiga maneno hamsini kwa dakika bila kuinamisha shingo.

Mwaka 1975 mkoa ulikuwa bado mchanga na ofisi mpya zilikuwa zikifunguliwa Sumbawanga. Cornelia alipanda lori la mahindi akafikia kwa shangazi yake Dominika, mtaa wa Malangali. Akaomba kazi ya karani mpiga chapa katika shirika moja la umma lililokuwa likisambaza mbegu na mbolea. Barua yake ya kwanza ilirudishwa kwa kuwa haikuambatana na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Akarudi Mwazye kuifuata, siku tatu kwenda na kurudi. Ya pili ikarudishwa kwa kuwa hakuwa na kadi ya TANU. Akaitafuta kadi. Mara ya tatu akaitwa kwenye usaili.

Walikuwa wanaume watano nyuma ya meza ndefu. Aliyekaa katikati alikuwa karani mkuu, Nikodemo, mtu wa Mbeya, amevaa tai juu ya sweta. Walimwuliza Azimio la Arusha lilitangazwa lini. Walimwuliza maadui wa taifa ni wangapi na ni nani, na miiko ya uongozi inasemaje. Mmoja akataka kujua kama ana mchumba. Cornelia alijibu yote kwa sauti ndogo, macho chini, kama alivyofundishwa kusema na wakubwa. Muda wote huo mashine ya chapa ilikuwa kwenye meza ya pili, dirishani, imefunikwa mfuniko wake mweusi. Hakuna aliyeitaja. Kazi akapewa msichana aliyekuwa akijibu kwa sauti ya mkutano wa hadhara.

Tarishi wa ofisi ile, mzee aliyeitwa Andwele, alimkuta amekaa kwenye ngazi, upepo wa mwezi wa sita ukimpiga.

"Shikamoo baba," Cornelia alisema, akiinuka.

"Marahaba. Wamekukatalia?"

"Ndiyo."

"Na ile mashine, unaijua kweli au unabahatisha?"

"Naijua."

"Wameiona kazi yako?"

"Hawakuuliza."

Mzee Andwele alijifunga vizuri koti lake la kaki. "Basi wamekataa sauti yako tu. Wewe hawajakuona bado. Wale wote watano, mwanangu, hakuna anayejua kupiga hata jina lake. Mtu asiyeijua kazi huuliza kile anachokijua yeye. Huyu waliyemchukua atawachosha. Watatangaza tena, na wewe utakuja tena, ila usikae kungoja maswali. Omba mashine."

Walitangaza tena baada ya miezi saba. Cornelia alikuja na kanga safi mabegani, akawaamkia, na kabla hawajafungua jalada akasema, "Ndugu Mwenyekiti, naomba dakika tano kwenye mashine ile." Walitazamana. Nikodemo akanyanyua mabega, akamsomea barua ya kuagiza magunia. Cornelia alipiga huku anatazama ukuta. Katikati ya barua Nikodemo aliacha kusoma, na sauti ya mashine nayo ikasimama, ikimngoja. Aliandikwa kazi siku ileile.

Akaweka nadhiri: ikitokea siku akakaa yeye nyuma ya meza ile, hakuna mwombaji atakayetoka bila kuigusa mashine.

Nadhiri hiyo aliitimiza neno kwa neno, na ndiyo iliyomponza.

Siku hiyo ilifika mwaka 1983. Nikodemo alikuwa ameshakuwa meneja. Cornelia alikuwa mkuu wa chumba cha chapa, mama wa watoto wawili ambao baba yao alirudi kwao na hakuandika tena. Ilikuwa miaka ya shida. Sabuni ilipatikana kwa foleni, karatasi za kaboni zilitumiwa mpaka zikapitisha mwanga kama ganda la kitunguu, na stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala, ikiharibika, hapakuwa na nyingine. Mwanzoni mwa mwaka huo ulikuja waraka kutoka makao makuu, Dar es Salaam, ukisema wakuu wa vyumba wote sharti wawe wamemaliza kidato cha nne. Nikodemo aliusoma, akautia kwenye jalada. "Haya ni ya Dar," alisema. Cornelia, wa darasa la saba, aliusoma mara nne.

Nafasi ya mpiga chapa wa pili ilipopatikana, Nikodemo alimwita. "Ndugu Cornelia, chagua wewe. Mimi nitatia sahihi."

Na Cornelia alifanya usaili kama unavyotakiwa kufanywa. Kabla ya kusoma barua hata moja, aliandika kwenye karatasi kazi yenyewe inadai nini: sikio, jedwali la tarakimu, stensili isiyo na kosa. Kisha akawaita watu watatu. Wote walipewa mashine ileile, barua ileile, jedwali lileile, muda uleule, saa ya mezani ikiwa mbele yao waione. Kabla ya kuanza, kila mmoja alipewa maji ya kunywa na dakika mbili za kuizoea mashine, maana alikumbuka mikono inavyokauka. Hakuuliza habari ya mchumba.

Wa mwisho alikuwa Zita, binti wa mkulima wa Chala. Alivaa viatu vya plastiki na sweta lililoshonwa viwiko. Alikuwa na cheti cha kidato cha nne, na kupiga chapa alifundishwa parokiani. Kwanza alirekebisha kiti. Kisha akajaribu utepe wa wino kwa herufi moja, akatazama kama umekolea. Ndipo akaanza, na Cornelia akasikia mlio ambao hakuwahi kuusikia chumbani mle isipokuwa chini ya vidole vyake mwenyewe. Saa ilisema maneno sitini na mawili kwa dakika. Cornelia mwaka ule alikuwa akipiga hamsini na manane.

Alipofika kwenye jedwali, Zita aliacha kupiga.

"Samahani, mama. Jumla ya safu ya tatu haikubaliani na tarakimu zake. Nipige kama ilivyo?"

Jedwali lile alikuwa amelitengeneza Cornelia. Alilichukua, akajumlisha kwa penseli, akajumlisha tena. Binti alikuwa sahihi.

"Kama nisingekuwepo, ungefanyaje?"

"Ningepiga kama ilivyo, halafu niandike pembeni kwa penseli. Karatasi si yangu."

Hakuna jibu bora kuliko hilo, na Cornelia alilijua. Alimshukuru, akamwambia atapata barua.

Alipobaki peke yake alipanga karatasi tatu mezani, zikionyesha wazi nani ni nani. Lakini alichokuwa anakiona kilikuwa kingine: kidato cha nne, maneno sitini na mawili, jicho linaloona kosa la mkubwa. Mwaka mmoja tu, na mtu wa Dar akija kukagua, atauliza ni yupi kati ya hawa wawili aliye mkuu, na kwa nini. Aliwaona wanawe. Alijiona anaomba ruhusa kwa binti wa viatu vya plastiki.

Akamchukua Suma. Suma alikuwa amepiga maneno thelathini na moja, macho hayabanduki kwenye herufi, lakini wakati wa kuaga alipiga goti kidogo akasema, "Mimi nitajifunza kwako, mama." Kwenye taarifa, mbele ya jina la Zita, Cornelia aliandika: *Hodari, ila ana ujuaji. Hatakaa vizuri na wenzake.* Nikodemo alitia sahihi bila kuinua macho.

Mambo yangeishia hapo, ingekuwa dhambi ya kawaida ya ofisini. Lakini baada ya wiki tatu Zita aliandika barua, kwa mwandiko uliolala vizuri kwenye mistari. *Sina malalamiko, mama. Naomba tu unijulishe nilipokosea, ili nijirekebishe kabla ya kuomba mahali pengine.*

Cornelia angeweza kunyamaza. Wengi walioandika hivyo hawakujibiwa. Lakini barua ile ilimkera kwa jinsi ilivyokuwa na adabu, akaketi akapiga jibu mwenyewe, bila namba ya jalada: *Kasi yako haikutosha. Wenzako walikuwa mbele. Si kila mwenye elimu ana vidole vya kazi hii.* Sentensi ya mwisho haikuhitajika. Alijua hivyo wakati anaipiga.

Suma alikuwa na heshima ya kweli na alijitahidi, lakini kazi ilimshinda. Saa ya chakula Cornelia alikaa kuzirudia barua zake. Mwezi wa kumi ilipigwa orodha ya vijiji vya kupelekewa mbolea kabla ya mvua. Suma aliruka mstari mmoja kwenye stensili, jina la Mwazye. Cornelia, akiwa amechoka, alitia sahihi kwamba amehakiki. Kosa lilipoonekana malori yalikuwa yamekwisha kwenda kwingine na dizeli imekwisha, na mvua ikaanza.

Kaka yake Kasimiri alikuja ofisini mwezi wa pili, miguu ina matope. Alisema mahindi yamesimama kimo cha goti, ya njano.

"Wanasema kijiji chetu hakikuwepo kwenye karatasi," alisema. "Nikawaambia haiwezekani, dada yangu ndiye anayezipiga karatasi hizo."

"Hakikuwepo," Cornelia alisema.

"Nani aliyepiga?"

"Mimi ndiye niliyetia sahihi."

Kasimiri akavaa kofia yake. Hakukubali hata chai.

Suma mwenyewe aliomba kuhamishiwa stoo mwezi wa tano. Ndipo Cornelia alipopanda lori la kwenda Chala.

Alimkuta Zita uani na mama yake, wanapura ulezi. Mama mtu alileta kigoda, akamkaribisha mgeni, akaenda kutafuta chakula. Zita alimwamkia kwa adabu, akaendelea kupura. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka.

"Nimekuja kuhusu ile barua," Cornelia alisema. "Kasi yako ilikuwa sitini na mbili."

Fimbo ilisimama.

"Yangu ilikuwa hamsini na nane. Na ya yule niliyemchukua, thelathini na moja."

Zita alifuta uso kwa mkono wa sweta. "Baada ya barua yako nilikwenda parokiani," alisema, "nikaomba mashine, nikajipima. Nikapata sitini. Nikajipima siku ya pili, nikapata sitini na moja. Nikadhani saa yetu ni mbovu. Sikuomba kazi tena mahali popote."

"Niliogopa utachukua nafasi yangu."

"Hilo naweza kulielewa. Ungeninyima kazi ukanyamaza. Kwa nini ulijibu, mama?"

Cornelia akasema kwamba nafasi ipo, kwamba amekwisha kuzungumza na meneja, kwamba anaweza kuanza wiki ijayo.

"Siji," Zita alisema. Hakupandisha sauti. "Kila utakaponiambia nimekosea, itabidi nihesabu mwenyewe kama ni kweli. Mtu hafanyi kazi hivyo." Akainama kwenye ulezi wake.

Mama yake alirudi na sahani, akashangaa kumwona mgeni amesimama, tayari kuondoka.

Waraka wa kidato cha nne haukutekelezwa hata siku moja. Makao makuu waliusahau, au walikuwa na shida kubwa zaidi. Cornelia aliendelea kuwa mkuu wa chumba cha chapa miaka mingine mingi, na hakuna aliyekuja kumdai kiti kile. Baada ya Suma alimchukua msichana wa maneno arobaini kwa dakika. Kati ya waliokuja, huyo ndiye aliyekuwa bora.