Kerubi, Kuku wa Sadaka ya Mavuno

Kila siku saa moja kamili jioni mama aliepua githeri, na papo hapo ibada ya nyumbani ikaanza. Sisi tuliolelewa Ruiru miaka ya hamsini tunaikumbuka ibada hiyo: moshi machoni, harufu ya mahindi na maharagwe puani, na baba akiwaombea wote wa shamba la kahawa alikofanya kazi, mpaka nyapara aliyemkata mshahara, huku chakula kikipoa. Ukifungua jicho kuangalia sufuria, ulipewa zaburi ya kukariri.

Jioni moja, Jumapili ya mavuno ikikaribia, baba alituuliza tutamtolea Mungu nini. Kaka yangu Kamau akataja viazi vitamu. Mimi, mtoto wa miaka minane, nikitaka kumshinda, nikasema, "Nitatoa Kerubi."

Kerubi alikuwa kuku wangu. Nilimlea tangu kifaranga, na alinifuata hadi mtoni. Kulipokucha nilimweleza mama kwamba labda Mungu angefurahia zaidi yule jogoo wetu kilema.

"Wee Wanjiru! Mungu apewe kuku yenye wewe umekataa?" akasema. "Umeahidi, umeahidi."

Jumapili, baada ya ibada, sadaka za mavuno zilinadiwa uwanjani kama desturi, ili fedha zitengeneze paa la kanisa. Wanaume walisimama upande huu, wanawake ule, na katikati lundo la ndizi na miwa. Mzee wa kanisa alipomwinua Kerubi, nikafumba macho.

"Shilingi moja!" sauti ilitoka kwa wanaume.

"Akina mama wameinua mkono. Moja na nusu!" mzee akatangaza.

"Mbili!"

Bei ikapanda hivyo, watu wakishangilia, mpaka "Nne!" Mzee akafunga mnada. Nilipofumbua macho, baba alikuwa amemkumbatia Kerubi. Mama akachomoza nyuma ya miwa, hela zimefungwa kwenye leso.

"Baba Kamau! Kumbe ni wewe ulikuwa unanipandishia?"

"Mama Kamau, si ungeniambia unamtaka?"

Wakamgeukia mzee, aliyekuwa amewaona wote wawili.

"Paa linavuja," akajibu.

Tulicheka hadi nyumbani, Kerubi kwapani mwangu.

Siku hizi wajukuu wangu hutoa noti kanisani bila kusita, macho kwenye saa, na jioni kila mmoja hujifungia chumbani na sahani yake. Githeri yao haipoi, nakubali. Lakini sijawahi kuwaona wakitoa kitu watakachokililia, wala mimi sijapata nafasi ya kukikomboa.

Sokoni Thika, kuku kama yule aliuzwa shilingi mbili. Kwa hesabu ya baba, aliyoirudia kila mavuno akicheka, hasara yetu yote ilikuwa shilingi mbili, zile alizopandishiana na mama.