Bibi Harusi Porini

Siku ya harusi ya mdogo wangu, mimi ndiye niliyekuwa dereva. Tulitoka Didia asubuhi, yeye na gauni lake jeupe kiti cha nyuma pamoja na shangazi yetu, kuelekea kanisani karibu na Bulyanhulu, kwa kina bwana harusi. Nikakata njia ya mkato porini. Huko moshi ukatoka kwenye boneti: mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka.

Simu zote tatu hazikuwa na mtandao.

"Basi tumekwisha," shangazi akasema.

Nikakumbuka kifaa cha setilaiti. Kazini kwangu nawaendesha wapima madini, na bosi aliniruhusu kusafiri nacho. Kinatuma ujumbe na mahali ulipo kutoka popote, ilimradi kione mbingu. Chini ya migunga alama ya kutuma ilizunguka tu kwenye kioo, ujumbe haukwenda. Nikapanda juu ya kichuguu, nikamwandikia fundi rafiki yangu wa Kakola: "Mpira wa rejeta wa juu umepasuka. Niletee mwingine na maji."

Shangazi alinitazama toka chini. "Unaongea na nani huko juu?"

Kabla sijamjibu kikalia: "Nimekuona kwenye ramani. Nakuja. Usifungue rejeta, itakuunguza."

Nilipiga kelele kama timu yangu imefunga goli! Mdogo wangu akakusanya gauni mapajani, akavua viatu, akapanda kichuguu. "Kaka, mwandikie na mwenzangu. Asije akadhani nimekimbia."

Nikaandika. Tukasubiri tumeinamia kile kioo kidogo, vichwa vikigongana.

"Nipo mlangoni. Hata ukifika kesho, utanikuta."

Mdogo wangu akacheka huku machozi yanamtoka. Shangazi, tulipomsomea, akapiga vigelegele hadi ng'ombe waliokuwa wakila majani jirani wakainua vichwa.

Fundi akatokea na pikipiki, mpira umening'inia shingoni, vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Umetuonaje humu?"

"Ramani ilinileta hadi kwenye kichuguu, mama. Halafu nikaona gauni."

Alifunga mpira, tukajaza maji, injini ikanguruma. Shangazi akakataa katakata fundi arudi kazini. Akamwamuru atangulie na pikipiki yake, aingie nasi kanisani hivyo hivyo na ovaroli. Akatangulia, akipiga honi njia nzima. Bwana harusi alikuwa mlangoni kweli, koti mkononi, na alipotuona alishuka ngazi mbio.