Kidole cha Baba

Majuzi nilipokuwa kwenye foleni ya kura, mzee mmoja alisimama nyuma yangu akiegemea mkongojo. Nikajifanya nasoma simu.

Baba hangefanya hivyo. Nilipokuwa mdogo tulipanga foleni pamoja pale Makongeni, yeye akiwa na ovaroli yake ya reli iliyonuka grisi. Kila alipotokea mama mwenye mtoto mgongoni, Baba alisogea kando.

"Pita, mama. Mimi bado nina nguvu."

"Mzee wa kanisa, hapa si kwa meza ya Bwana! Utabaki nyuma!" jirani mmoja akamcheka. Kanisani pia, Baba alishiriki mkate na divai baada ya watu wote.

Saa tisa alasiri king'ora cha karakana kikalia. Zamu yake ilikuwa imefika. Akanishika mkono tukaondoka, na hakuwa amepiga kura.

Nililia njia nzima. Mwalimu wa Sande skuli alikuwa ametuambia kwamba watu wa Mungu watatiwa alama, nami niliamini alama yenyewe ni ule wino wa kidoleni wanaopakwa wapiga kura.

"Baba, sasa utaachwa nje!"

Akanifuta kamasi kwa mkono wake mgumu. "Kura zingine zitakuja."

Zilikuja, hazikumkuta. Siku ya kumzika niliinama juu ya jeneza nikatafuta kidole chake. Kilikuwa safi.

Changu nimekisugua kwa sabuni tangu majuzi. Wino hautoki.