Kutu ya Makusudi

Kwetu Tanga, mtu akikutwa na gobore nyumbani anakwenda kujieleza polisi. Nakumbuka gari la matangazo likipita mtaani kuhimiza watu wasalimishe silaha, na jirani yetu akalibeba la marehemu babu yake, limefungwa kwenye mkeka, akalipeleka kituoni. Hapa Birmingham gobore lilelile ni sanaa. Kuna daktari wa meno mstaafu, huko Marekani, anayesubiri mwaka mzima apate vyuma vya kulipamba. Akivipata anavaa ngozi ya paa, anaingia msituni Jumamosi, analipua baruti kwa jiwe la gumegume kama walivyofanya mababu zake, kisha anarudi kwenye gari lake lenye kiyoyozi. Mtu wa kumtengenezea vyuma hivyo nilikuwa mimi.

Tuelewane. Bunduki yenyewe hatutengenezi. Mtutu na mbao vina wenyewe. Sisi ni watu wa mavazi: bamba linalofunika kitako, kinga inayozunguka mahali pa kidole, vibomba vya kushikia mdeki, yaani ile fimbo ya kushindilia baruti, na kifuniko cha ncha ya mbao. Vyote vya chuma na vyote vya mkono, kwa sababu mteja, anayeagiza kwa barua pepe na kufuatilia kifurushi chake kwenye simu, hataki kusikia habari za mashine. Nilipomweleza mke wangu kwamba nimepata kazi hiyo, alikuwa anakunja nguo, akaacha.

"Mume wangu," akasema, "mweusi, Muislamu, unatoka msikitini Ijumaa unakwenda kutengeneza bunduki. Hebu isome hiyo kama headline."

Nikamwambia ni mapambo tu. Binti yetu, ambaye Kiswahili anakielewa chote na kukijibu kwa Kiingereza, akasema bila kuinua macho, "Dad, please don't tell my school." Sikumwambia mtu wa shule. Msikitini nikawa nasema niko kwenye mambo ya vyuma, halafu naulizia hali za watoto.

Lakini kazi ile niliitaka. Tanga nilikuwa fundi miaka kumi na sita, mageti na madirisha, na kuna mitaa miwili mizima ambayo ukipita unapita katikati ya kazi yangu. Hapa ufundi wangu haukuwa na cheti, kwa hiyo haukuwepo. Nikabeba maboksi ghalani, upande wa Perry Barr, miaka minne, nimefungwa kidude mkononi kinacholia kila nikisimama kuvuta pumzi. Karakana ya vyuma vya magobore ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu Newtown, ghorofani, juu ya stoo ya mazulia. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kiingereza aliyebaki peke yake, vidole vimeanza kukakamaa, akanipa miezi mitatu ya majaribio. Nikiweza, nabaki. Nisipoweza, maboksi hayajaenda popote.

Nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza, maana kumwita kwa jina lake mtu wa umri wa baba yangu kulinishinda. Akazoea, na baada ya wiki mbili nikamsikia anajitambulisha hivyo kwenye simu. Alikuwa anaishi Longbridge, na ujana wake aliumaliza palepale kwenye kiwanda cha magari. Sasa ni maduka, naye alikuwa ananunua mkate mahali iliposimama mashine yake. Alinieleza hilo bila huzuni yoyote, hata akanitajia ni rafu ya ngapi.

Wiki ya sita akaenda hospitali siku tatu kwa ajili ya hiyo mikono. Akaniachia kazi ya kufagia na kupanga tupa. Mimi, mtu wa bidii, nikafungua na kabati la pembeni. Ndani kulikuwa na unyevu wa ajabu, bakuli la maji chini, na juu yake vipande sita vimetundikwa kwa waya, vimeliwa na kutu kuanzia juu hadi chini. Seti nzima ya daktari wa meno. Nilishika kichwa.

Mtu wa pwani humwelezi kutu. Kwetu upepo wa chumvi unakula geti huku unalitazama, na fundi anayeachia kutu atasemwa mpaka kwenye harusi za watu asiowajua. Nikajiambia, maskini mzee, paa linavuja, naye amesahau. Mungu kanifungulia mlango. Nikachukua grenda yenye brashi ya waya, nikaing'oa kutu yote. Nikapiga msasa. Nikapaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, juu yake nyeusi ya kung'aa, mikono miwili. Halafu, ili ijulikane kwamba mimi sifanyi kitu nusunusu, nikatia rangi ya dhahabu kwenye mikunjo, kama tunavyotia kwenye ncha za mageti ya watu wenye uwezo. Nikavitundika dirishani vikauke. Vilipendeza. Hata leo nasema vilipendeza.

Alhamisi Mzee akarudi. Akasimama mbele ya dirisha bila kuvua koti.

"Vinang'aa sana," akasema.

Kwa Mwingereza wa umri ule, hilo ni tusi la kuita polisi. Mimi nikasema asante.

Akakaa, akanieleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa. Kutu ile ilikuwa ya makusudi. Siku kumi na moja alikuwa anailea: anapaka dawa, anatundika penye unyevu, anasugua kwa brashi, anapaka tena, mpaka chuma kiwe na rangi ya tende. Ndivyo walivyofanya wa zamani, na ndivyo mteja anavyotaka. Kutu ingerudishwa, hiyo haikuwa shida. Shida ni kwamba grenda yangu ilikuwa imekula kingo zote. Zile kingo alizichonga kwa tupa miezi mitano, kwa mikono inayojifunga. Akachukua tupa anionyeshe kingo zilivyokuwa, vidole vikakataa kuizunguka, ikaanguka sakafuni. Tukaitazama wote wawili. Nimewahi kufunga geti la mtu juu chini mbele ya wakwe zake, lakini aibu kama ile sijaipata tena. Nikaanza kukusanya vitu vyangu.

"Utavitengeneza upya," akasema. "Vyote sita. Kwa tupa."

Grenda akaifungia kabatini. Kisha akatoa rafuni bamba moja la kitako, la rangi ya tende, alilolitengeneza akiwa na umri wangu, likafungwa kwa skrubu kwenye gobore moja kuukuu, kisha akalihifadhi awe anapimia kazi zake. Akaniambia nitengeneze la kwangu lifanane na lile. Likifanana, nabaki.

Sasa nilijifunza kupiga tupa, mimi mwenye miaka kumi na sita ya kuipiga. Kumbe nilikuwa naikwaruza tu. Unasukuma mbele, unanyanyua, unarudi hewani. Ukiiburuta kurudi unaua meno yake na chuma kinakusema. Mzee aliketi nyuma yangu na kikombe cha chai, na kila nilipokosea alikohoa. Mwezi ule angedhaniwa ana kifua kikuu. Mke wangu jioni alinitoa vipande vya chuma vidoleni kwa sindano na kuniuliza vita vyetu na Wahindi Wekundu vinaendeleaje. Mabamba manne yalikwenda kwenye ndoo ya vyuma chakavu. La tano hakulikoholea.

Wiki ya mwisho ya majaribio tukaitoa seti kabatini, imeshika rangi yake. Mzee akasafisha meza, akaniambia niweke bamba langu na lile lake pamoja, niyabadilishe nafasi nitakavyo. Akageukia ukuta. Alipogeuka tena alikuwa amefumba macho. Vidole havikunjiki tena, lakini dole gumba bado lilikuwa linahisi, na akalipitisha juu ya chuma taratibu, kwenye mviringo, kwenye kingo, kwenye ule mkia mwembamba unaopanda juu ya mbao. Akaenda kwa la pili. Akarudi kwa la kwanza.

Akanyanyua moja.

"Hili langu," akasema. "Unaona mkia ulivyoishia? Lako zuri, limekaribia sana. Bado kidogo."

Alikuwa ameshika la kwangu.

Nikinyamaza, narudi kwenye maboksi. Nikisema, namwambia mtu mzima kwamba kazi ya maisha yake haijui tena kwa mkono. Nilitamani aniulize, lakini hakuuliza.

"Mzee," nikasema, "hilo ni langu."

Akafumbua macho. Akaligeuza, akaona matundu ambayo hayajawahi kuingia skrubu. Akaliweka chini kwa uangalifu na kufuta dole gumba kwa kitambaa.

"Basi naweza kwenda nyumbani," akasema.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilidhani anamaanisha siku ile, nikamwambia achukue mwavuli, mvua inanyesha. Akavaa koti, akaacha funguo za mlango mezani, akashuka ngazi akishika ukuta.

Jumatatu nilifungua karakana mwenyewe. Nilikuwa na kazi, kazi yangu hasa, ya kudumu, na nilimaliza kibomba cha kwanza kabla ya saa sita, kingo zake safi kuliko zote nilizowahi kupiga. Nikageuka kumwonyesha. Kiti kilikuwa kitupu, na niliyemwondoa pale ni mimi, kwa kufanya kazi yake vizuri.