Lazima za Kahaso

Kahaso alianza kujifunza Kijapani ili akatunze wazee wa Wajapani. Mzee aliyemfanyia mazoezi ni nyanyake, au hawe kama tusemavyo kwetu, Hawe Luvuno, ambaye tumepakana naye ua kwa ua hapa nje ya Garsen. Nilimcheka. Nilimwambia, wazee wamejaa hapa, wewe unapanda ndege kutafuta wengine?

Darasa lilikuwa kwenye simu. Namna ya kwanza ya kusema "lazima" kwa Kijapani aliipata upesi. Kisha wakaingia ngazi ya kati, na huko, aliniambia, lazima si moja: kuna ya kanuni, kuna ya utu, na kuna ile ya mtu aliyekosa njia nyingine. Mwalimu alitaka zisemwe kwa mtu, si kwa ukuta. Basi kila asubuhi akimnawisha hawe na kumpa vidonge vya presha, alisema kwa sauti: "Kusuri o nomanakereba narimasen." Lazima unywe dawa. Masikio ya hawe yalikuwa mazima kuliko magoti yake. Haukupita muda, akawa anawaambia kuku lazima wale na mbuzi lazima watoke jikoni, yote kwa Kijapani, huku akicheka peke yake. Mimi nilifurahi kumsikia.

Lakini kwetu mtu mwenye mvi hana ruhusa ya kuwa na mambo yasiyoeleweka. Mtoto wa Mwaro aliposhikwa na homa isiyoisha, watu walianza kuulizana yule bibi anasema nini alfajiri, na anasema na nani. Mwaro ni mtoto wa shemeji yake hawe. Yeye alisema uchawi. Mimi nilisikia shamba, lile la ukingoni mwa mto ambalo hawe amekataa kumpa. Mwaka juzi, kijiji cha jirani, mzee aliyesemwa hivyo alikutwa shambani kwake amekatwa mapanga. Waliomsema walikuja kuzika.

Kahaso alizunguka nyumba kwa nyumba, akawasikilizisha watu sauti ya mwalimu kwenye simu. Waliitikia kwa adabu kwamba wameelewa, kisha wakawakataza watoto wao kupita uani kwa hawe.

Ndipo Mwaro akaanza kuja. Hakugomba. Aliketi kwenye kigoda, akanywa chai.

"Mtihani wa Nairobi ni lini, mwanangu?"

"Bado, baba mdogo."

"Na ukipita, Japani moja kwa moja?"

"Nikijaliwa."

"Na mama, huyu hawe wako, atabaki na nani hapa?"

"Na majirani."

Mwaro alinitazama mimi juu ya ua, akatabasamu. "Majirani wana kazi zao."

Alirudi tena na swali lilelile, na tena. Niliogopa, sifichi. Tulipanga hawe alale kwangu Kahaso akienda Nairobi kwenye mtihani, lakini mimi ni mjane na mlango wangu ni bati tupu. Siku ya safari tulikuwa tunaijua watu watatu tu: Kahaso, hawe na mimi. Basi lilikuwa la Ijumaa.

Alhamisi mchana begi lilikuwa tayari limefungwa, na hawe haonekani. Tulimtafuta mpaka tukamwona anarudi kwa fimbo yake, polepole, vumbi hadi magotini.

"Umetoka wapi, hawe?" Kahaso alimkimbilia.

"Kwa Mwaro. Nimemwambia unaondoka kesho."

"Hawe! Si unajua anachotaka?"

"Najua. Ndiyo maana nimemwambia." Alisema kama mtu anayeagiza chumvi. "Mimi nikiwa hai, moyo wako utabaki hapa, na huko hutafika. Acha yaishe, mjukuu wangu. Nenda."

Kahaso aliingia ndani, akafungua begi, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzirudisha kambani. Hawe, ambaye alikwenda kwa Mwaro na kurudi bila hata chozi, aliketi mlangoni akalia.