Daktari Aliyetutoa Nje ya Wodi

Baba alianguka shambani Nkoma, msimu wa kuvuna pamba. Mama alidhani ni jua. Alipomwinua akaona mdomo umeenda upande na mkono wa kulia umelegea kabisa. Majirani wakampakia kwenye gari lililokuja kubeba pamba, wakamleta hospitali Bariadi mjini, ambako mimi nilikuwa nafundisha.

Nilipofika wodini, mama alikuwa ameikumbatia chupa ya uji, anabishana na nesi.

"Hajala tangu asubuhi," mama alisema.

"Najua, mama. Ila koo lake limelegea. Ukimpa sasa, uji utaingia kwenye mapafu. Tumpime kwanza kama anameza vizuri."

Mama alikubali, lakini chupa hakuiachia.

Baadaye shangazi, dada yake baba, akaja na watu wa nyumbani, wakiwemo ndugu zangu. Walikizunguka kitanda wakaanza kuzungumza Kisukuma kwa sauti ya msibani: nani apelekewe habari, achinjwe ng'ombe yupi. Baba alikuwa amefumba macho. Chozi likamshuka hadi sikioni.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mgeni mkoani kwetu. Kisukuma hakukielewa, ila lile chozi aliliona. Akatuomba tutoke naye, akaketi nasi kwenye benchi la nje.

"Mshipa wa damu umeziba kwenye ubongo," alisema taratibu, akinisubiri nimtafsirie mama. "Sehemu inayotoa maneno imeumia. Lakini nilipomwambia afumbe macho, alifumba. Anasikia, na mengi anaelewa. Tafadhali, msimseme kama hayupo. Ongeeni naye."

Shangazi akainamisha kichwa.

"Atapona?" mama akauliza.

"Sijui, mama, siwezi kukudanganya. Nikijua zaidi nitawaambia, hata kama si habari nzuri."

Nilikuwa nimezoea madaktari wanaojibu huku wanatembea. Huyu alikaa mpaka maswali yakatuishia. Kisha akauliza mzee wetu anapenda kuongea nini. Shangazi hakungoja nitafsiri.

"Ng'ombe," akasema.

Basi tukaongea ng'ombe. Kila saa ya kuona wagonjwa ilipofika, tulimpa baba habari za zizini: ndama aliyezaliwa, maziwa yaliyopungua, majani yaliyokauka kando ya mto. Alitutazama tu. Siku moja shangazi akamsimulia kuhusu dume jekundu la baba, akadai makusudi kwamba ni la jirani. Mkono wa kushoto wa baba ukapiga godoro.

"Yaya!" akasema kwa Kisukuma. Hapana.

Mama alicheka na kulia ndani ya kanga yake, akakimbia kumwita daktari. Daktari alipofika akamshika baba mkono.

"Nimeambiwa unabisha, mzee," akasema, na baba akatabasamu kwa upande mmoja wa uso.

Alirudi Nkoma akitembea kwa fimbo, na maneno machache yaliyomtosha kuamrisha nyumba nzima. Aliishi misimu kadhaa baada ya hapo, kisha akatutoka akiwa usingizini.

Ninachokumbuka zaidi ni zile alasiri za hospitali. Tukitoka wodini tulitandika kanga kwenye nyasi za uani, tukala ugali na dagaa wa Lamadi, mama akitugawia kama tulipokuwa wadogo, kila mmoja akitafuta kisa cha kumpelekea baba kesho yake. Hatujakaa hivyo tena, sote pamoja, bila harusi wala msiba.