Sweta la Sikukuu

Siku dada yangu alipoletwa kwangu kutoka Kigamboni, jua lilikuwa kali, lile jua la kabla ya masika ambalo hata paka wa Kariakoo wanajilaza chini ya magari. Alishuka kwenye bajaji akiwa amejifunga kanga mbili, na juu yake blanketi. Alikuwa anatetemeka. Mpangaji mwenzangu wa chumba cha mbele, mama wa Masasi ambaye nimeishi naye nyumba moja miaka mingi, alimshika upande mmoja, mimi nikashika wa pili, tukampitisha ukumbini hadi chumbani kwangu. Nikawasha feni kwa mazoea.

"Zima hiyo," dada akasema. "Unataka kuniwahi kabla ya figo?"

Figo zake zilikuwa zimeshindwa zote mbili. Hospitali ilikuwa upande huu wa maji, na yeye hakuweza tena kusimama kwenye foleni ya pantoni pale Magogoni, kwenda na kurudi, kila siku ya kusafishwa damu. Mwanawe wa pekee anafanya kazi mgodini huko kanda ya ziwa. Nikabaki mimi. Hakuna aliyeniuliza kama naweza, na sikutegemea kuulizwa. Nilimwachia kitanda, nikatandika godoro langu chini.

Dada alinizidi umri kiasi cha kunibeba mgongoni nilipokuwa mchanga, na naona hakuwahi kunitua. Kila Sikukuu alitoa zawadi kwa ukoo mzima, na kila zawadi yake ilikuwa na maneno ndani. Shemeji yetu mvivu alipewa saa ya kuamshia. Binamu aliyenenepa alipewa kitambaa cha gauni kisichomtosha. Mwaka nilioachwa na mume wangu, Idi ilipofika, mimi alinipa sufuria. Kubwa, nzuri, na mfuniko wake. Alinikabidhi mbele ya watu sebuleni kwake akasema, "Huyo atakayekuja, mpikie vizuri." Watu wakacheka. Nikacheka nao. Nilivuka maji nikiwa nimeipakata ile sufuria, na nilipofika nyumbani niliisukuma uvunguni. Sijawahi kuipikia.

Ndiye huyo aliyelala sasa kitandani kwangu, uso umevimba, miguu imevimba, ananiambia mapazia yangu yana vumbi.

Ramadhani ilituingilia hivyo. Mimi nilifunga, yeye hakuweza. Muuguzi alikuwa ametueleza masharti: chumvi hapana, tui la nazi hapana, viazi vichemshwe, maji yamwagwe, vichemshwe tena. Na maji ya kunywa, kikombe kimoja kwa siku, basi. Nilipika viazi visivyo na ladha ya kitu chochote. Nilipika wali mweupe na kuku aliyechemshwa kama wa mtoto anayeanza kula. Dada, ambaye kwa mikono yake alinifundisha kukamua tui, alitia kijiko mdomoni, akatafuna, akanitazama.

"Hiki nani kakipika?"

"Mimi, dada."

"Basi ulinidanganya ulipokuwa unanitazama jikoni."

Kiu ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mchana tulikuwa na kiu wote wawili, ndani ya chumba chenye feni iliyozimwa, na nadhani hizo zilikuwa saa tulizopatana. Magharibi ikiadhiniwa, mimi nilikunywa. Yeye aliisikia ile sauti ya maji kooni kwangu na kugeukia ukutani. Baada ya siku chache nikaanza kufuturu uani, nimesimama karibu na bomba, ili asinisikie. Nilirudi ndani na kipande cha barafu kwenye kisahani, nikamwekea mdomoni. Alikinyonya taratibu, macho kayafumba.

Riziki yangu ni kufuma. Nafuma kwa kroshia vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunikia friji, na karibu na Sikukuu watu huagiza sana. Siku moja dada alikuwa ananitazama nikimalizia ua la kitambaa, akasema, "Na mimi Idi hii unanipa nini?"

Nilishtuka. Katika maisha yake yote sikuwahi kumsikia akiomba kitu.

"Unataka nini?"

"Sweta."

"Dar es Salaam hii?"

"Kwani baridi ninayoisikia nimeitoa wapi? Nifumie sweta. La sindano mbili, siyo hayo matundu yako."

Nilimwambia sijui kufuma kwa sindano mbili. Akasema yeye anajua, alifundishwa shuleni na masista, na kama mikono yake haikunji tena, mdomo bado unakunja.

Kariakoo unapata kila kitu, lakini uzi wa sufu niliutafuta asubuhi nzima. Nilizunguka mitaa ya vitambaa, nikapita kwenye vifungo na zipu, nikachungulia maduka ya vyuma vya cherehani. Kijana mmoja muuza nyuzi akaniuliza kama nahamia Makete kwenye baridi. Hatimaye mzee mmoja alinitolea mabunda yaliyokaa stoo hadi karatasi zake zimegeuka rangi. Yote yalikuwa ya rangi moja, ya boga lililoiva. Nilipomwonyesha dada akasema, "Nitaonekana hata nikizikwa gizani."

Akaanza kunifundisha. Alikuwa mwalimu mbaya. Alilala ubavu, mto umemkinga mgongo, na kila nilipofika katikati ya mstari alinyoosha kidole kilichovimba na kusema, "Fumua." Nikafumua. Sufu ilinasa kwenye jasho la viganja vyangu, jasho lilinitiririka mgongoni, koo limekauka na futari bado haijabandikwa.

"Umedondosha mshono."

"Uko wapi?"

"Huo hapo. Fumua."

Mama wa Masasi alikuwa akipita mlangoni anacheka. "Shikamoo dada. Leo tena kafumua?"

"Marahaba. Huyu anafumua kuliko anavyofuma."

Alasiri moja, nikiwa nimeinamia kifua cha sweta, nilimuuliza. Sijui nilipata wapi moyo. Nilisema, "Dada, ile sufuria uliyonipa mwaka ule nilioachwa. Uliwaza nini?"

Akafikiri. Nilimwona anatafuta kwa dhati.

"Sufuria ipi?"

"Ile kubwa. Ulinipa mbele ya watu."

"Mimi nimegawa sufuria nyingi," akasema. "Ilikuwa nzuri?"

Nikamwambia ndiyo, ilikuwa nzuri. Akaridhika, akalala. Nilikaa na zile sindano mapajani. Miaka yote nilikuwa nimejibizana naye kichwani kuhusu sufuria ile, asubuhi nikifagia, jioni nikipepeta mchele, na nilikuwa na majibu makali sana. Sasa nikajua kwamba nilikuwa najibizana peke yangu.

Kumi la mwisho la Ramadhani lilinikuta kwenye mikono ya sweta. Wa kulia ulikuwa umekamilika. Wa kushoto ulikuwa na kazi, kwa sababu kwenye mkono wake wa kushoto ndiko walikotengeneza mshipa wa mashine ya kusafishia damu, umetuna kama kamba chini ya ngozi, na kila kitu alichovaa kilipaswa kuwa kipana hapo ili wauguzi wapandishe bila kumuumiza. Nilikuwa naongeza mishono kila mstari. Dada akanitazama muda mrefu.

"Usiupanue," akasema.

"Si wa mashine?"

"Fuma mwembamba tu, kama ule mwingine."

"Dada, utabana."

"Nimekwambia hakuna haja."

Nilidhani anazungumzia sura ya sweta. Niliendelea hadi mwisho wa mstari ndipo nikamwelewa, nikaziweka sindano chini.

"Kesho ni siku ya kwenda," nikasema.

"Siendi. Wala ile nyingine siendi."

Nililia, nikagomba. Nilimwambia anajiua, na huu ni mwezi mtukufu. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema, "Sijiui. Wananitoa damu, wananirudishia, narudi hapa nalala kama gunia, nikiamka ni siku ya kwenda tena. Nimechoka, mdogo wangu." Nilimpigia mwanawe simu, nikamwekea sikioni. Nilisikia sauti ya mtoto wa kiume aliyekua mtu mzima akilia na kubembeleza. Dada alimsikiliza mpaka mwisho. "Umekula?" ndilo alilomjibu. Daktari naye alieleza kitakachotokea, kwa upole, akasema mlango uko wazi akibadilisha mawazo. Hakubadilisha.

Siku iliyofuata aliniomba samaki.

"Wa kukaanga. Changu. Na chumvi."

Nilikwenda soko la samaki la Feri asubuhi. Nilichagua mwenye macho maangavu, nikasimama kando akiparuliwa magamba, nikirushiwa matone usoni, na sikuyafuta. Nyumbani nilimtia ndimu, pilipili, vitunguu saumu, na chumvi. Nilipoishika ile chumvi vidole vilisita. Nikaitia. Mafuta yalipolia harufu ilijaa nyumba nzima, nami nimefunga. Dada alikula upande mmoja wa samaki, akavunja kichwa, akanyonya. Nilimpa maji akanywa hadi akatosheka, nami nikilitazama koo lake linavyopanda na kushuka.

"Hapo sasa umepika," akasema.

Jioni pumzi ilimbana, tukamkalisha kwa mito mpaka ikatulia.

Idi iliandamana na mvua. Sweta lilikuwa limekwisha, mkono mmoja mpana, mwingine mwembamba, shingo kombo. Nilimvalisha baada ya takbira kuanza msikitini. Lilikuwa gumu kupita kichwani kwa uvimbe wa uso na shingo. Alijitazama kwenye kioo nilichomshikia.

"Shingo inabana," akasema. Asante hakusema, ila hakutaka nilivue.

Nilipika pilau ya watu wengi, kwa kuwa ndugu zetu wa Magomeni walikuwa wameahidi kuja wote kumwona. Adhuhuri wakapiga simu: Jangwani pamejaa maji, barabara imefungwa, magari yanarudishwa. Mmoja alisema wamemnunulia dera zuri sana, atalileta maji yakipungua. Mwingine udi na marashi. Kutoka kwa mwanawe lilifika boksi la televisheni, kubwa kuliko mlango wa kabati langu, limekuja kwa basi. Kulikuwa hakuna pa kuliweka ila miguuni pa kitanda.

"Mwambie nimefurahi," dada akasema, bila kuuliza ni nini.

Nilikaa juu ya kile kitanda nikaanza kufikiria vitu hivi vyote alivyonunuliwa, dera, udi, marashi, televisheni, na yeye hana tena siku za kuvitumia. Sikuwachukia waliovinunua. Mtu hajui ampe nini anayekufa, anabeba kile ambacho angempa mwaka jana. Mimi nilimfumia sweta linalomkaba.

Pilau ilibaki nusu. Mama wa Masasi alikuja na sahani yake, akala nasi kitandani, akamlisha dada vijiko vichache.

Idi pili, asubuhi, nilikuwa uani nauosha mchele. Mama wa Masasi alitoka ndani akasimama. Niliuacha mchele ndani ya maji nikakimbia.

Wanawake walikuja kumwosha. Sweta likagoma kutoka. Walijaribu kulipandisha taratibu, shingo ikashika kidevu, na mmoja akasema tusimsumbue maiti. Akaomba mkasi. Mimi ndiye niliyeupata, ule wa kukatia nyuzi zangu, na nikamkabidhi. Alikata kuanzia shingoni hadi chini. Nilisikia kila uzi unavyokatika. Mama wa Masasi aliyaokota yale mapande akatoka nayo, na hadi leo sijamuuliza aliyapeleka wapi.

Mwanawe aliwahi mazishi, amekonda, viatu vina vumbi la huko alikotoka. Baadaye alikaa chumbani kwangu akaliona boksi. Nilikuwa nimelifungua kwa kisu kabla hajafika, nikaitoa televisheni na kuiweka juu ya meza.

"Aliitazama?" akauliza.

"Aliitazama sana," nikasema. "Sauti alikuwa anaipandisha."

Akatikisa kichwa mara nyingi, akafuta uso kwa kiganja. Alipoondoka aliniachia ile televisheni.

Miezi ilipita. Sikufuma Sikukuu ya kuchinja. Niliwarudishia wateja nyuzi zao. Nilipika kidogo, nikala nimesimama. Desemba, mtaa ulipoanza kujaa taa za kumetameta na watu wamebeba mifuko ya nguo za watoto, mama wa Masasi alibisha hodi mlangoni kwangu. Alikuwa na beseni la viazi na visu viwili.

"Jirani, kesho Krismasi. Mwaka huu usininunulie kitu na mimi sikununulii kitu. Njoo tumenye."

Tukakaa uani kwenye vigoda. Maganda yakaanza kurundikana miguuni petu.

"Dada yako alikuwa mkali," akasema.

"Sana."

"Ulikuwa unampenda?"

Nilitaka kusema ndiyo, kama watu wanavyosema. Nikasema, "Nilikuwa namwogopa. Sasa sina wa kumwogopa, na sijui nifanyeje."

Akanitazama, kisha akainama kuchukua kiazi changu. Nilikuwa nimekimenya hadi kimebaki kidogo sana. Akakitumbukiza kwenye beseni pamoja na vingine, akanipa kingine.